Neno Refu Huanzwa Mkiani: Namna ya Kutamka Istilahi za Sayansi za Kiingereza

Mpe mwanafunzi wa maabara asome *thermometer* kwa sauti. Mara nyingi utasikia tha-mo-MI-ta, mkazo umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale unapokaa katika kitabu, bandari na Likoni. Msomaji huyo hakubahatisha. Amefuata kanuni ya Kiswahili, na ameifuata vizuri. Ila neno lenyewe halimo katika kanuni hiyo. Mwenye lugha yake husema tha-MO-mi-ta.

Makosa mengi ya kutamka istilahi za sayansi, kuanzia madarasa ya Tudor, Mombasa, hadi wodi za hospitali, ni kosa hili moja linalojirudia kwa sura tofauti. Kukariri neno mojamoja hakulitibu, maana maneno hayaishi. Dawa imo mkiani. Kiambishi tamati ndicho kinachoamua mkazo ukae wapi, irabu ipi itamkwe kamili na ipi ilegee, na kama c itasomwa k, s au sh. Ndiyo maana neno refu la sayansi husomwa kwa kuanzia nyuma.

Wala hili si geni kwetu. Ban-DA-ri ikipata -ni huwa ban-da-RI-ni. SO-ma huwa so-ME-sha, kisha so-me-SHA-na. Mkia umeongezwa, mkazo umehama. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina kituo kimoja cha mkazo, ilhali Kiingereza kina vituo kadhaa na kila mkia unajua chake.

Jinsi matamshi yalivyoandikwa hapa

Silabi yenye herufi kubwa ndiyo yenye mkazo. Irabu iliyoandikwa mara mbili, kama aa au ii, huvutwa. Th ni ile ya thelathini. Na hili ulishike sana: a moja isiyo na mkazo si a ya Kiswahili. Ni sauti fupi, legevu, mdomo haufunguki sawasawa, karibu kumezwa. Kiswahili hakina irabu ya namna hiyo, kwa sababu kwetu kila irabu hupewa haki yake hata isipokuwa na mkazo. Kiingereza hunyang'anya. Silabi isiyo na mkazo hupoteza irabu yake, na o, e na a zote huishia kuwa a hiyo legevu. Ndiyo sababu *photograph* huanza na FOU lakini *photography* huanza na fa: fa-TO-gra-fi.

Matamshi yaliyofuatwa ni ya Uingereza, ambayo ndiyo yanayofundishwa zaidi Kenya.

Hatua ya kwanza: hesabu mizani, na usiongeze irabu

Aliyewahi kuhesabu mizani za shairi kwa vidole ana kifaa chote anachokihitaji. Kata neno silabi kwa silabi, gonga meza kila moja. *Evaporation*: i-va-pa-rei-shan, mizani 5.

Kuna mitego mitatu katika kuhesabu. Wa kwanza ndio unaoharibu mengi, nao ni desturi yetu ya kufunga neno kwa irabu. *Atomic* ina mizani 3, a-TO-mik. Ukiitia i mwishoni ikawa atomiki, umepata mizani 4, na ulimi uliozoea Kiswahili utahamishia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ya neno hilo jipya: a-to-MI-ki. Irabu moja ndogo imezaa makosa mawili. Kwa hiyo jizoeze kwanza kukatia k, t, s na n mwishoni, bila kuachia irabu yoyote ifuate. Hilo likikushinda, kanuni zote zinazofuata zitakwenda mrama.

Mtego wa pili ni mkia *-ically*. Kwa macho unaonekana silabi tatu, kwa sauti ni mbili tu: i-kli. *Chemically* ni KE-mi-kli, *statistically* ni sta-TIS-ti-kli. Anayesoma kila herufi, kama inavyostahili katika Kiswahili, hujikuta akisema ke-mi-ka-li.

Wa tatu una nafuu. Mkia *-ism* huishia na m inayosimama peke yake kama silabi, sawa kabisa na m ya mtu au mti. *Organism* ni OO-ga-ni-zm, mizani 4. Wageni wengi wa Kiingereza huhangaika hapo. Mswahili amezaliwa nayo. Mkia *-ical* hufanya vivyo hivyo kwa l: *chemical* ni KE-mi-kl.

Hatua ya pili: mkia huu ni wa mwendo gani?

Hapa ndipo penye kazi. Tuazime neno letu wenyewe. Shuleni sote tulifundishwa kwamba ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa, kikamilifu. Herufi ni zilezile, mkazo umesogea silabi moja kuelekea mwanzo wa neno. Basi mikia ya sayansi ya Kiingereza hugawanyika vivyo hivyo. Ipo ya *mwendo wa kitabu*, yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ipo ya *mwendo wa barabara*, ile ya sawasawa, yenye mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho.

Mwendo wa kitabu ni raha, kwa kuwa ulimi wetu unakwenda huko bila kusukumwa. Mkia *-ic* ni wa huku: a-TO-mik, a-SI-dik, vol-KA-nik, i-lek-TRO-nik. *-Tion* na *-sion* hali kadhalika, maana mkia mzima husomwa silabi moja tu, shan au zhan: i-va-pa-REI-shan, di-FYUU-zhan. Yumo pia *-cian* wa fundi na mtaalamu: i-lek-TRI-shan, fi-ZI-shan. Kisha ile mikia ya hospitalini: *-itis* ya uvimbe na mwasho, *-osis* ya hali au ugonjwa, na *-oma* ya uvimbe wa kuota. He-pa-TAI-tis, me-nin-JAI-tis, tyu-ba-kyu-LOU-sis, kaa-si-NOU-ma. Angalia kwamba i ya *-itis* ni ai, na o ya *-osis* na *-oma* ni ou. Anayesema hepa-TI-tis ameweka mkazo mahali pake lakini irabu siyo.

Mwendo wa barabara ndio unaotuangusha, na ndimo yalimo majina mengi ya taaluma. Mikia yake ni *-logy*, *-graphy*, *-metry*, *-scopy*, *-nomy*, *-tomy*, *-ity*, *-ical*, *-ify*, *-lysis* na *-thesis*. Soma haya ukiwa na ba-RA-ba-ra kichwani:

bai-O-la-ji  
kaa-di-O-la-ji  
ou-sha-NO-gra-fi  
ji-O-ma-tri  
mai-KRO-ska-pi  
his-ta-REK-ta-mi (*hysterectomy*)  
sa-LI-na-ti  
i-lek-TRO-la-sis  
hai-PO-tha-sis

*Biology* na barabara zina mizani 4 kila moja, na mkazo uko mahali pamoja. Ukiimba moja umeimba nyingine. Watu wa Mombasa wana sababu ya kuyazoea haya, kwa kuwa *oceanography* na *salinity* ni maneno ya kila siku katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, yenye makao makuu papa hapa, na *archaeology*, aa-ki-O-la-ji, haliepukiki kwa yeyote anayeongoza wageni ndani ya Fort Jesus. Wa samaki naye ana *ichthyology*, ik-thi-O-la-ji, neno linalotisha kwa macho kuliko kwa ulimi.

Mbona *-logy* huvuta mkazo kwenye silabi inayoitangulia? Tazama herufi inayotangulia mkia: karibu kila mara ni o, ile inayounganisha mzizi na mkia. O hiyo ndiyo hubeba mkazo. Ukiiona o kabla ya *-logy*, *-graphy*, *-metry*, *-scopy* au *-lysis*, iandike kwa herufi kubwa na uende zako.

Mkia *-meter* wa vipimo hufuata mantiki hiyohiyo. Penye o au irabu nyingine ya kuunganisha, mkazo hukaa juu ya irabu hiyo na mkia husomwa mi-ta: tha-MO-mi-ta, ba-RO-mi-ta, hai-DRO-mi-ta. Lakini pale *meter* ilipobandikwa moja kwa moja kwenye neno kamili, kama *voltmeter*, hakuna irabu ya kuunganisha, basi mkazo hubaki mwanzoni na mkia husikika mzima: VOLT-mii-ta. *Ammeter* vilevile, AM-mii-ta. Vipimo vya urefu navyo huanza na mkazo: SEN-ti-mii-ta, MI-li-mii-ta. *Kilometre* limewagawa hata wenyewe, wengine KI-la-mii-ta, wengine ki-LO-mi-ta. Usigombane na mtu juu yake.

Kundi jingine la barabara ni mikia inayoanza na i ikifuatwa na irabu inayosikika kivyake: *-ia*, *-ium*, *-ious*, pamoja na *-eous*. Mkazo hukaa juu ya silabi iliyo mbele ya i au e hiyo. A-NII-mi-a (*anaemia*), nyu-MOU-ni-a (*pneumonia*), pa-TA-si-am (*potassium*), KAL-si-am (*calcium*), EI-kwi-as (*aqueous*). Hapa majina ya magonjwa yaliyokwisha kuingia Kiswahili hutupoteza: sisi husema ma-la-RI-a, na ni sawa kwetu, lakini katika Kiingereza ni ma-LEA-ri-a. *Homogeneous* pia ni ho-ma-JII-ni-as, mizani 5. Wengi huikata ikawa ho-MO-ja-nas, na kwa kufanya hivyo wametamka neno jingine, *homogenous*, lenye maana yake tofauti katika biolojia.

Vitenzi vyenye *-ate* huhesabiwa barabara: i-VA-pa-reit (*evaporate*), SA-cha-reit (*saturate*), JAA-mi-neit (*germinate*). Ila kuna ujanja. Neno likiwa kitenzi, mkia ni eit. Likiwa nomino au kivumishi, mara nyingi mkia hulegea ukawa it. *Coordinate* ya kupanga ni kou-OO-di-neit. *Coordinate* ya kwenye grafu ni kou-OO-di-nit. *Estimate* hali kadhalika.

Abiria

Mikia mingine haigusi chochote. Inapanda neno, inakaa, inateremka, na dereva ni yuleyule. Hawa ni *-ly*, *-ness*, *-ment*, *-ing*, *-er*, *-less*, *-able*, *-ist*, *-ism* na *-ise*. Kanuni yake ni fupi: waondoe, tamka kilichobaki, kisha uwarudishe. *Crystallise* ni *crystal* pamoja na abiria mmoja, KRIS-ta-laiz. *Radiographer* ni *radiography* iliyobadilishiwa abiria, rei-di-O-gra-fa. *Metabolism* ni ma-TA-ba-li-zm.

Kosa linalotokea hapa ni kumpa abiria usukani. Mtu anahesabu *-ly* kama mkia wa kweli, mkazo unasogea, na *chemically* inakuwa ke-mi-KA-li. Neno likiwa na mikia miwili au mitatu, vua abiria wote kwanza. Mkia wa mwisho *usio abiria* ndio wenye amri.

Kwa ukamilifu, ipo michache inayojibebea mkazo yenyewe mwisho kabisa: *-eer* na *-ee*. En-ji-NIA. Katika sayansi haikutani nawe mara nyingi.

Hatua ya tatu: tazama mkia unachofanya kwa herufi iliyo mbele yake

C ya mwisho wa neno ni k hadi ipate mkia unaoanza na i. *Electric*, i-LEK-trik. Ikipata *-ity* huwa s: i-lek-TRI-sa-ti. Ikipata *-ian* huwa sh: i-lek-TRI-shan. Sauti tatu za herufi moja, na mkia ndio uliochagua. *Toxic* na *toxicity*, *elastic* na *elasticity* hufuata njia hiyohiyo. Anayesema tok-si-KI-ti amekosa mkazo na konsonanti kwa pigo moja, na asili ya makosa yote mawili ni kutousoma mkia.

*-Tion* ni shan, isipokuwa s ikiitangulia t, hapo huwa chan: dai-JES-chan, kam-BAS-chan. *-Sion* ina sura mbili. Baada ya irabu ni zhan, sauti ambayo Kiswahili hakina: weka ulimi mahali pa sh, kisha uvumishe koo kama unavyovumisha z. I-ROU-zhan, ka-ROU-zhan, di-FYUU-zhan. Baada ya n, au s ikiwa mbili, ni shan ya kawaida: TEN-shan, ik-SPAN-shan, sa-SPEN-shan. Kwa *fission* utasikia zote, FI-shan na FI-zhan.

G nayo. *Analogue* ina g ya gari. *Analogy*, a-NA-la-ji, ina j. Lakini *analogous*, a-NA-la-gas, imerudi kwenye g, kwa kuwa kinachofuata si i wala y.

Irabu ndefu hufupika zikikaribiwa na *-ic* au *-ity*. *Saline* ni SEI-lain, lakini sa-LI-na-ti: ai imekuwa i. *Volcano* ni vol-KEI-nou, lakini vol-KA-nik. *Parasite* ni PA-ra-sait, kivumishi chake pa-ra-SI-tik. *Microscope* huishia skoup. Ipe *-ic* iwe mai-kra-SKO-pik. Kanuni hii haisemwi sana darasani, ila sikio la mwenye lugha hugundua mara moja inapovunjwa.

Mikia ya kemia: hapa kosa la irabu ni kosa la dutu

Kwingine ukikosea mkazo utaeleweka kwa taabu. Katika kemia ukikosea irabu ya mkia umetaja chupa nyingine. Mkazo hapa si tatizo, kwa kuwa maneno mengi ni mafupi na huanza na mkazo. Mkia ndio utamkwe wazi, usimezwe.

*-Ide* ni aid, *-ite* ni ait, *-ate* ni eit. *Sulphide*, SAL-faid, ni salfa bila oksijeni. *Sulphite*, SAL-fait, ina atomu 3 za oksijeni, SO₃. *Sulphate*, SAL-feit, ina 4, SO₄. Kwa naitrojeni ni NAI-traid, NAI-trait ya NO₂, na NAI-treit ya NO₃. Anayesomewa orodha ya kemikali kwa simu aulize fomula kila anaposikia trait au treit. Hata wazungumzaji wazawa huchanganya hizi mbili katika kelele.

Haidrokaboni husikilizwa vivyo hivyo: *-ane* ni ein, *-ene* ni iin, *-yne* ni ain. Ufungo mmoja kati ya atomu za kaboni, ufungo maradufu, ufungo wa mara tatu. *Ethane* II-thein, *ethyne* II-thain. Katikati yake *ethene*, inayoishia thiin.

Sukari na vimeng'enya vimewekeana mtego mzuri. *-Ose* ni sukari au wanga, husomwa ous au ouz. *-Ase* ni kimeng'enya, husomwa eiz au eis. *Lactose* ni sukari ya maziwa, *lactase* ndicho kinachoivunja. *Amylose* ni sehemu ya wanga, *amylase* ndiyo iliyomo katika mate. Ukimeza mkia, sentensi yako itasema kwamba kitu kinajimeng'enya chenyewe.

Mkia unapomnyang'anya kiambishi awali sauti

Jambo hili linawahusu zaidi wauguzi na matabibu. *Hypoglycaemia* na *hyperglycaemia*, sukari ya damu kushuka na sukari kupanda, zote zina mkia *-aemia* wa mwendo wa barabara. Mkazo wote unakwenda kwenye SII: glai-SII-mi-a. Kilichobaki mbele ni hai-pou au hai-pa, silabi dhaifu, na ndizo pekee zinazotenganisha hali mbili zenye matibabu yanayopingana. Kwa hiyo hapa vunja kanuni kwa makusudi: kipige mkazo kiambishi awali pia, polepole, au sema tu kwa maneno kwamba sukari imeshuka, kisha utaje kipimo. Kwa kukumbuka, Kiswahili kimetoa zawadi: *hypo* ni sukari *haipo*.

Tuunganishe yote kwa neno moja

Chukua *electroencephalographically*, herufi 27. Usilisome kutoka kushoto. Utakwama penye *enceph*.

Nenda mwisho. Kuna *-ally*, abiria: mvue. Kimebaki *-ic*, mwendo wa kitabu, kwa hiyo mkazo uko silabi moja kabla yake: GRA. Weka alama ya penseli juu ya *graph* kabla hujafungua mdomo. Rudisha abiria, ukikumbuka kwamba *-ically* nzima ni i-kli. Sasa una GRA-fi-kli, na robo ngumu imekwisha. Iseme mara tatu. Kisha ongeza silabi kutoka nyuma kwenda mbele: la-GRA-fi-kli. Fa-la-GRA-fi-kli. En-se-fa-la-GRA-fi-kli. Mwisho i-lek-trou mbele yake. Mizani 10, pigo kubwa moja, na vipigo vidogo viwili, kwenye lek na se, ili pumzi isikatike.

Sasa badilisha mkia uone mkazo ukitembea. Ukiwa *-graphy*, ni barabara, o inapanda: i-lek-trou-en-se-fa-LO-gra-fi. Ukiwa *-gram*, mkazo unasogea zaidi kuelekea mwanzo wa neno: i-lek-trou-en-SE-fa-la-gram. Mzizi haukuguswa hata mara moja.

Njia hiyohiyo hulimaliza hata lile lijineno la kuchezea, *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*, herufi 45, lililobuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, kwa kutaja ugonjwa wa mapafu wa kuvuta vumbi laini. Mkia ni *-osis*, basi ni ni-OU-sis. Mengine ni kupanga tu: nyuu-ma-nou, al-tra, mai-kra-SKO-pik, si-li-kou, vol-kei-nou, kou-ni-OU-sis. Mizani 19. Mshororo wa shairi la kawaida una 16, kwa hiyo limezidi kwa mizani 3, na halina hata kituo cha kati.

Wakaidi

Kila kanuni ina wanaoikataa, na hawa ni wachache wa kutosha kukaririwa. *Arsenic*, jina la elementi, ni AA-sa-nik. *Arithmetic* kama somo ni a-RITH-ma-tik, ingawa kama kivumishi hutii, a-rith-ME-tik. *Metamorphosis* ina *-osis* lakini matamshi yake yaliyozoeleka ni me-ta-MOO-fa-sis, mwendo wa barabara. *Laboratory* ni la-BO-ra-tri kwa Mwingereza na LA-bra-to-ri kwa Mmarekani. Ukishachagua moja usiruke kwenda nyingine katikati ya wasilisho.

Wingi wa *-sis* ni *-ses*, na tofauti yake ni irabu ya mwisho pekee: *analysis* a-NA-la-sis, *analyses* a-NA-la-siiz. Ripoti nyingi za maabara husomwa kwa sauti kama kwamba uchambuzi ulifanyika mara moja tu, kwa sababu ya ii iliyofupishwa.

Mazoezi

Dakika 10 kwa siku zinatosha, na foleni ya feri ya Likoni hutoa zaidi ya hizo. Chagua mkia mmoja kwa siku, usichanganye. Toa maneno 5 yenye mkia huo katika kitabu chako cha wiki hii. Kwa kila neno, piga mstari chini ya mkia, vua abiria, weka nukta juu ya silabi yenye mkazo, *ndipo* ulitamke. Jirekodi kwa simu ukisema neno ndani ya sentensi, kwa kuwa neno likiwa peke yake kila mtu hulitamka kwa uangalifu usio wa kweli. Kisha fungua kamusi yenye sauti usikilize. Alama ndogo ya wima iliyoinuka katika kamusi husimama *kabla* ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Anayeisoma kinyume huhamisha mkazo silabi nzima kuelekea mwanzo wa neno bila kujua. Alama kama hiyo iliyo chini ya mstari ni ya kipigo kidogo.

Ukisikiliza rekodi yako, angalia mambo matatu tu, kwa mpangilio huu. Je, umeongeza irabu mwishoni? Mkazo uko ulipoweka nukta? Silabi zisizo na mkazo zimelegea, au kila moja imetamkwa kamili kama ubeti? La tatu huchelewa kuliko yote, hata kwa wasemaji wazuri, na likichelewa lisikukatishe tamaa. Mkazo ukiwa mahali pake utaeleweka hata kama irabu zako bado ni za Mvita.

Siku ya sita chukua mzizi mmoja uupitishe kwenye mikia yote uliyojifunza. *Photo* ni mzuri kwa kuanzia: FOU-ta-graaf, fa-TO-gra-fi, fou-ta-GRA-fik. Kisha *hydro*: HAI-dra-jan, hai-DRO-la-sis, hai-DRO-mi-ta, hai-dro-ja-NEI-shan. Gonga meza kila penye mkazo, na mkono usogee pamoja nao, kushoto kwenda kulia.